Sahihi ya Clement Garside

Jumatano ile Clement Garside alifika mlango wa nyuma wa jumba la maigizo akakuta sahihi yake imeshatiwa. Karatasi ya waigizaji kutia sahihi wanapofika ilitundikwa pale pale pa siku zote, na mbele ya jina lake palikuwa na ile G yake yenye mkia mrefu, wino bado mbichi. Akamuuliza Wilf, bawabu, ni nani aliyefanya mzaha huo. Wilf alikuwa anakula mkate wake wa nyama. Akamwambia ametia mwenyewe robo saa iliyopita, na hata salamu hakutoa.

Clement akacheka, maana Wilf naye alikuwa na utani wake. Lakini karatasi ile haikuwa na utani. Asiyetia sahihi dakika thelathini na tano kabla ya pazia kufunguliwa, mbadala wake huvishwa mavazi na kupanda jukwaani. Kwa miaka arobaini na mmoja ya kazi, Clement hakuwahi kumpa mbadala nafasi hata siku moja. Alipanda na homa, alipanda na kidole cha mguu kimevunjika. Siku mkewe Daphne anazikwa kule Leeds, yeye alikuwa London anarekodi kipindi cha televisheni kilichompa jina, akiwa Inspekta Haddow, na binti yao Hilary akasimama kaburini peke yake. Kipindi kilidumu miaka kumi na mmoja, kikafa. Sasa alikuwa hapa Huddersfield, akicheza mjomba anayekufa kabla ya mapumziko, na akilala chumba cha kupanga kwa mama mmoja aliyekuwa bado anamwita Inspekta.

Chumba chake cha kuvalia pale jumbani kilinuka mshumaa uliozimwa sasa hivi, na mshumaa hapakuwa. Nguo za mjomba nazo hazikuwepo. Akadhani Noreen, mvalishaji wake, amezipeleka kupigwa pasi, akaketi kumngoja. Ukutani palikuwa na kipaza sauti kidogo kinacholeta sauti za jukwaani, ili kila mwigizaji ajue zamu yake. Akangoja mpaka akaanza kutokwa jasho. Noreen hakuja, na pazia likafunguliwa.

Alisimama akimbilie nje, akabaki pale pale, kwa sababu pale ukutani alisikia hatua za mjomba zikiingia jukwaani, kisha kikohozi cha mjomba, kile alichokitunga mwenyewe kwa wiki tatu za mazoezi, na baada ya kikohozi sauti yake yeye, nzito, yenye mkwaruzo, ikisema maneno yake yote bila kukosea hata moja, hali yeye yuko mbele ya kioo na kinywa chake kimefungwa, na watu ukumbini wakicheka pale ambapo kwake hawakuwahi kucheka, wakitulia pale ambapo kwake walikuwa wakifungua peremende, mpaka mjomba alipokufa na ukumbi mzima ukapiga makofi, naye akagundua, na hili lilimtisha kuliko yote, kwamba alikuwa anaona wivu.

Noreen aliingia na koti la mjomba mkononi. Alikuwa amevalisha waigizaji katika jumba lile tangu wakati wa vita. Alipomwona Clement amevaa nguo zake za kawaida, akafunga mlango, akanong'ona.

"Basi si wewe niliyemfunga vifungo."

"Ni nani, Noreen?"

"Kifua baridi kama ukuta. Nikasema, leo Clement anaumwa." Akaliweka koti mbali naye. "Jitu hilo lilimpata mwingine hapa zamani. Halina sura yake lenyewe, mpenzi. Jukwaani linakuja kujifunza tu, sauti yako, mwendo wako. Likishakujua, linakwenda pale unapongojwa na hutokei. Nani anakungoja wewe?"

Clement alitaka kusema hakuna. Akamkumbuka Hilary.

"Kama yupo, wahi ukakalie kiti chako," Noreen akasema. "Likishazoea, halitoki."

Alimpigia Hilary kwa simu ya pale mlangoni. Akajikaza asikie lawama, kama kila mara, lakini Hilary akampokea kwa sauti ya upole ambayo hakuisikia tangu binti huyo akiwa mtoto. Akamshukuru kwa Jumapili iliyopita, jinsi alivyoosha vyombo na kukaa mpaka giza akimsimulia habari za mama yake. Jumapili ile Clement alikuwa chumbani kwake Huddersfield anakunywa supu ya kopo. Ilimpasa amwambie. Ila upole ule aliukosa kwa miaka mingi mno, akashindwa kuuvunja. Akauliza kama anaweza kuja Jumamosi, siku ambayo Hilary anatimiza miaka arobaini. Hilary akacheka, akasema mbona ameshaahidi, chai ni saa kumi.

Jumamosi palikuwa na onyesho la mchana, naye akafika kama kawaida; karatasi ya mlangoni ilikuwa na nafasi tupu mbele ya jina lake. Clement akaitazama, akaiacha kalamu, maana alijua jitu lile lisipokuwa hapa liko wapi.

"Tia basi, Inspekta, muda unakwisha," Wilf akasema.

"Mvisheni mbadala."

Wilf akaacha kutafuna. Clement alikuwa ameshatoka, anakimbilia stesheni.

Alifika mtaa wa Hilary taa za barabarani zikiwashwa. Dirishani aliona keki, na upande wa pili wa meza mgongo wa mzee aliyeinamisha kichwa kidogo upande wa kushoto, kama anavyofanya yeye anaposikiliza. Hilary alikuwa anaongea kwa mikono yake yote miwili. Clement hakukumbuka lini Hilary aliwahi kuongea naye hivyo. Akabonyeza kengele.

Hilary akatoka, akauvuta mlango nyuma yake. Hakushtuka kumwona, na kutoshtuka kwake kukamtia Clement baridi.

"Hilary, huyo aliyemo ndani si mimi."

"Najua, Baba."

Clement akachungulia tena dirishani.

"Nilijua tangu Jumapili ile," Hilary akasema polepole. "Hapumui. Chai anaigusa kwa midomo, haipungui."

"Basi mtoe. Nimekuja. Nimeacha onyesho, mwanangu, mimi, nimeliacha."

Hilary akamwekea kola yake sawa, macho yamemjaa machozi. Alikuwa anampenda, hilo Clement aliliona wazi. "Umeliacha leo," akasema. "Na Jumatatu?"

Alikuwa na majibu mengi. Kila moja aliwahi kulisema mahali fulani, mbele ya watu waliolipa kiingilio, na hakupata hata moja lililokuwa lake.

Ndani, sauti yake mwenyewe ikaita, ikiuliza kwa upole ni nani huyo anayemweka Hilary kwenye baridi.

Hilary akajifuta uso. "Hakuna mtu, Baba," akajibu kuelekea ndani. "Amekosea nyumba."

Akaingia, akafunga mlango taratibu.