Mvuvi Mwenye Mikono Mfukoni

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Kaoutar alimsaidia mama yake kumimina mawese kwenye chupa. Mama aliyauza sokoni Rumonge, huko Burundi, na nyumba yao ilinukia mafuta hayo mwaka mzima. Kazi ikiisha, msichana alinawa, akachukua mkoba wake na michoro yake, akashika njia.

Shuleni hapakuwa na asiyejua kwamba Kaoutar ni fundi wa kuchora. Nyuso, nguo, mitumbwi, hata magamba ya samaki, vyote alivimudu. Ila mikono! Mikono ilimshinda kabisa, basi akawa anaificha. Wanawake wake waliitia ndani ya vitenge, wachezaji mpira waliiweka mgongoni, na mvuvi wake wa ndagala, wale dagaa wa Ziwa Tanganyika, aliyesifiwa na shule nzima, alisimama ndani ya mtumbwi mikono mfukoni. Kadiri watu walivyomsifu, ndivyo alivyozidi kuficha.

Muhula ule watoto kadhaa waliugua kuhara. Mwalimu Irakoze akaamua kwamba ukuta ulio kando ya bomba uchorwe mikono miwili mikubwa inayonawa kwa sabuni. "Atakayeleta mchoro mzuri ndiye atakayechora ukuta," alisema. Kisha akaonyesha ubaoni namna ya kuanza.

"Msianze na kucha. Kiganja ni kipande cha sabuni. Vidole ni vipande vya muwa, kila kimoja na vifundo vyake. Kidole gumba hakisimami kwenye mstari na wenzake, kimeota ubavuni. Jengeni hayo kwanza, ngozi itafuata."

Chausiku, rafiki aliyeketi naye dawati moja, akaanza kuchora sabuni na miwa. Kaoutar akacheka chini chini.

"Unafungua duka, Chausiku?"

"Niache mie. Leo duka, kesho mkono."

Kaoutar aliutamani ukuta ule kuliko kitu chochote. Lakini akae achore sabuni kama mtoto wa darasa la kwanza? Thubutu! Nyumbani kulikuwa na kalenda ya zamani yenye picha ya mikono inayonawa. Alichovya kitambaa katika mawese, akaipaka karatasi mpaka ikapitisha mwanga, akaitandaza juu ya kalenda, akafuatisha kila mstari kwa kalamu.

"Kaoutar wee!" mama yake aliita. "Hiyo mafuta iko ya kuuza, si ya kuchezea!"

"Ni kazi ya shule, mama."

Kesho yake Mwalimu Irakoze aliutazama mchoro kwa muda. "Mikono mizuri. Mbona karatasi inanukia mawese?"

"Mama alikuwa anayamimina, Mwalimu."

Mwalimu akamrudishia karatasi. "Haya. Ijumaa utachora ukutani, wenzako wakikutazama."

Kaoutar akageuka kuutazama ukuta dirishani. Ukuta hata ukiupaka pipa zima la mawese, haupitishi mwanga.

Ijumaa ikafika. Alishika mkaa, akachora mkono, nao ukatoka kama chane ya ndizi. Akaufuta kwa kitambaa chenye maji, akachora tena.

"Kaa huyo!" mmoja akapaza sauti, na darasa zima likaangua kicheko.

Machozi yalimlenga. Alitaka kusema kwamba mkaa ni mbaya, au kwamba bega linamuuma. Uongo ulikuwa tayari mdomoni. Lakini alimwona Chausiku, peke yake hacheki, vidole vyake vimejaa weusi wa penseli. Aibu ikamwingia Kaoutar mpaka kwenye mifupa.

"Mwalimu," alisema, "mchoro ule si wangu. Niliunakili kwenye kalenda kwa karatasi ya mawese. Mimi sijui kuchora mikono. Sijawahi kujua."

Kicheko kikakatika. Mwalimu Irakoze akaenda bombani, akachukua kipande cha sabuni, akamkabidhi.

"Sasa tunaweza kuanza," alisema. "Ila ukuta ni wa Chausiku, maana yeye ndiye aliyefanya kazi. Akikubali, utamsaidia."

Chausiku akamtazama rafiki yake. "Nakubali," alisema, "lakini afungue duka kwanza."

Kaoutar akacheka huku machozi yakimtoka. Chausiku alichora mkono wa kushoto, yeye wa kulia: sabuni, halafu miwa, halafu kile kidole gumba kaidi, ambacho alikifuta mpaka kitambaa kikawa cheusi tititi. Jua lilipofika utosini, mikono miwili ilikuwa ukutani. Kidole gumba cha Kaoutar kilikuwa kinene mno, lakini kilikuwa kidole. Mtoto wa darasa la kwanza akaja bombani, akaitazama ile picha, kisha akasugua mikono yake vile vile.

Mwalimu Irakoze alimwita Kaoutar kando. "Kutojua kuchora mkono si kosa. Kutojua ndiko kunakotuleta shule. Kosa ni kuficha. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Ukinificha usichokijua, mimi nitakufundisha nini?"

"Nimekosa, Mwalimu. Murakoze," akashukuru kwa Kirundi.

"Yameisha. Na ukifika nyumbani, mtoe mikono mfukoni yule mvuvi wako. Ndagala hawajivui."