Mche wa Kaburini

Kila asubuhi, kabla ya kushika jembe, Kaswera alipitia kwanza kwenye mche mmoja wa kahawa. Shamba lao la Mbau lilijaa kahawa, lakini huo aliusalimia kama mtu. Delphin, mumewe, alimcheka, naye hakujali. Kaswera alikuwa ameuchimbua kando ya kaburi la baba yake, kwenye kisiwa cha mto Semliki.

Zamani kisiwa kizima kilikuwa shamba la kahawa la Mzungu. Baba yake Kaswera alifanya kazi huko mpaka akafia huko. Kisha ugonjwa ukakausha kahawa, Mzungu akafunga virago, pori likarudi. Leo ni hifadhi ya tumbili na ndege. Watu huingia siku ya kuombea marehemu tu, na walinzi huwaonya wasitoe kitu. Kaswera alidhani wanasema habari za wanyama. Hakuwa na hata picha ya baba yake. Basi akauficha mche ndani ya kitenge.

Siku moja aliukuta umenyauka, majani yakiwa ya manjano. Kahawa za karibu nazo zikaanza kukauka. Delphin akamwita jirani yao Vagheni, agronomu, mtaalamu wa kilimo. Vagheni alikwangua shina. Chini ya ganda palikuwa peusi.

“Mama Christa, hii muti ulitoa wapi?”

“Ku kisiwa. Inatoka ku kahawa baba alipandaka.”

“Pole sana. Njo ile ngonjwa iliua kahawa ya kule. Inaketi mu udongo. Inatembea na miche, na kuni, na panga.”

“Lakini dawa iko?”

“Dawa hapana. Tungoe yote inagonjwa, tuchome papa hapa. Usibebe hata kuni moja ku nyumba. Na panga tupitishe ku moto.”

“Niachie hii moja tu.”

“Tukiiacha, mashamba ya batu ya Mbau yote itakufa.”

Delphin alitaka kuung’oa yeye. Kaswera akakataa. Aliung’oa mwenyewe, akautia motoni, akalia kwa sauti kama mtu aliyefiwa upya.

Kwa misimu kadhaa walipanda maharage na karanga pale. Kisha Vagheni akawaletea miche inayostahimili ugonjwa ule. Mashamba ya majirani yalisalimika. Mwaka huu kahawa mpya imechanua.

Christa, binti yao, aliinama kunusa maua.

“Mama, hii njo kahawa ya sokulu, baba yako?”

Kaswera alitamani kusema ndiyo.

“Hapana, mutoto wangu. Ya sokulu nilichoma. Hii ni yako, uichunge.”