Vinyama Vilivyorudi

Crispin Kalinga alikuwa kibarua wa reli Mbeya. Alipanga chumba mtaa wa Soweto. Jioni alipika ugali wa mtu mmoja, akala, akalala. Mkewe Tekla alikuwa kijijini Ilula, mkoani Iringa, akilima nyanya.

Mwaka 1975 Crispin aliota vinyama sehemu za siri. Watu huviita masundosundo. Alipakwa dawa kliniki, vikaanguka. Akajiona amepona, hakurudi kama alivyoagizwa. Pasaka alikwenda nyumbani, akalala na mkewe. Baada ya miezi miwili vinyama vikarudi.

Tangu hapo hakwenda tena Ilula. Aliona aibu. Kuandika pia alishindwa, kwa sababu Tekla hakujua kusoma na barua zake zilisomwa na jirani.

Mwezi wa nane ikaja barua yenye herufi kubwa zilizopinda. Tekla aliiandika mwenyewe, kwani sasa alikuwa akisoma darasa la watu wazima.

"Baba Juliana," ilisema, "kama umeoa huko, niambie. Nimechoka kuulizwa."

Kesho yake Crispin alikwenda kliniki. Mganga, Bwana Andendekisye, alimpaka dawa na kumwagiza aioshe baada ya muda wa saa nne.

"Dawa inaunguza kinyama tunachokiona," alisema. "Vijidudu vyake hubaki kwenye ngozi. Kwa hiyo urudi kila wiki mpaka nikwambie basi. Vinyama vikiwapo, usilale na mwanamke. Vikiisha, tumia mpira miezi kadhaa. Unapunguza hatari, ingawa hauimalizi. Mkeo amepimwa?"

Crispin alikiri kwamba mkewe hajui lolote.

"Mwambie. Anaweza kuwa navyo ndani asivione."

Crispin akamwandikia Tekla yote, hata kwamba aliwahi kulala na mwanamke mmoja wa Makambako.

Tekla alimwacha mtoto wao Juliana kwa bibi yake, akaja Mbeya. Alikutwa na vinyama viwili. Mganga alihakikisha kwanza kwamba hana mimba, maana dawa ile haipakwi kwa mjamzito. Alitibiwa wiki tano. Kitandani alilala yeye, Crispin akalala mkekani. Walizungumza kidogo sana.

"Mwanamke nilimfikiria," Tekla alisema siku moja. "Ugonjwa sikuufikiria. Ungeniambia."

"Niliogopa barua isomwe mbele ya watu."

"Sasa nasoma mwenyewe."

Vinyama vyote viliisha. Tekla akarudi shambani. Miezi mitatu baadaye mganga alimpima Crispin tena, hakuona kitu. Tekla naye alipimwa Iringa, akakutwa hana. Waliambiwa warudi upesi wakiona hata kimoja.

Crispin akapanda basi la Ilula. Tekla alimpokea mzigo mlangoni, akamwuliza taratibu kama amebeba mipira. Akajibu kwamba anayo.

"Basi karibu nyumbani, Baba Juliana."