Nilimwanika Jirani kwa Kuvuruga Seva, Skrini Ikataja Jina

"Toka mlangoni kwangu, Kune! Nimeshakwambia sijagusa!"

"Hujagusa? Nyoka mkubwa wewe! Jumamosi nimekulisha pilau kwa mkono huu huu, kumbe unanichimbia kaburi!"

Nikatema mate. Chini, karibu kabisa na kandambili zake. Ptuu!

Mtaa mzima hapa Bombambili ulishajaa pale. Wadau, mnanijua, kwangu wageni hawakauki. Lakini siku ile nilitaka watu wajae kwa mwenzangu, wamuone anavyonuka!

Tulieni niwape mkasa.

Huyu ni Abdulatifu, Myao wa Tunduru, mtani wangu. Tunagawana ukuta na tunagawana kazi. Yeye ana cheti cha chuo. Mimi seva nimejifunzia kwenye kibanda cha intaneti pale stendi, kwa kuchungulia mabegani mwa watu.

Zahanati moja ya hapa mjini ilitupa kazi ya seva mbili za kumbukumbu za wagonjwa. Moja ikifa, nyingine inashika kazi hapo hapo, mgonjwa hata hajui. Zote tulizipanga kwa kuandika amri kwenye ile skrini nyeusi, mstari kwa mstari.

Sasa, humo ndani kuna kitu sisi tunakiita mlinzi.

Seva hizi zinaulizana kila sekunde. "Upo?" "Nipo." Zikipotezana, mlinzi anaizima moja fasta. Asipokuwepo, kila moja inadhani mwenzake kafa... halafu inajirithisha nyumba!

Na ndicho kilichotokea Jumatatu.

Panya alitafuna waya unaoziunganisha. Akafia huko huko nyuma ya kabati, kavimba, anatoa maji. Nilimtoa mimi, kwa mfuko wa nailoni. Mpaka leo nikishika tonge naisikia ile harufu...

Na mlinzi hakufanya kitu, kwa sababu mlinzi alikuwa ameondolewa!

Mapokezi wakawa wanaandika kwenye seva hii, maabara kwenye ile. Mama mjamzito mmoja katobolewa kidole mara tatu, majibu yake kwa daktari hayaonekani.

Daktari Athanasi, mwenye zahanati, akatuita wote wawili.

"Mpaka Alhamisi asubuhi nataka jina la aliyemtoa mlinzi. Huyo hagusi tena seva yangu."

Wadau, mimi sina cheti. Nikitolewa pale, nani mwingine Songea hii atanipa seva?

Na wenye nywila ni wawili tu. Mimi, na huyu mtu ambaye tangu Jumatatu ananikwepa macho. Nikimwita dirishani anajifanya anaswali. Sasa nyie mngefikiri nini?

Ndiyo hapo Jumatano jioni nikamfuata mlangoni.

"Leo nakuanika!" nikamwambia.

Nikaweka laptop juu ya kigoda, nikaingia kwenye seva. Ile skrini nyeusi haina siri. Kila amri inabaki na tarehe, saa na jina la aliyeiandika. Nikaitafuta, ikatokea. Sikuisoma hata! Nikaigeuzia watu, kifua mbele kama jogoo.

"Jane! Soma kwa sauti, wote wasikie!"

Jane muuza vitumbua akasogea, akakunja macho.

"Pcs... property... set... stonith-enabled... false."

"Hiyo hiyo! Ndiyo amri ya kumtoa mlinzi! Lini?"

"Jumamosi. Saa saba na dakika kumi mchana."

"Nani kaandika?"

Jane akanitazama mimi, akarudi kwenye skrini.

"Jane, si usome!"

"Dada Kune... hapa imeandikwa kunegunda."

Mtu mmoja huko nyuma akacheka. Wa pili akapokea.

"Kaiba nywila yangu!" nikapiga kelele. "Mnamuona? Mwizi na jina langu kachukua!"

Abdulatifu hakupandisha sauti.

"Mtani. Jumamosi saa saba ulikuwa wapi?"

Jumamosi...

Jumamosi ilikuwa kipaimara cha mwanangu Saimon. Ndugu wa Maposeni wamejaa mpaka uani. Mimi katikati yao, laptop mapajani, sahani juu ya laptop, vidole vina mafuta ya kuku. Nilikuwa namalizia majaribio nikiwa nyumbani. Kila seva zikipotezana kidogo, mlinzi anaizima moja, naanza upya. Ikanikera. Nikamtoa.

Nikasema, tukishakata keki nitamrudisha.

Keki ikaliwa. Watu wakacheza mpaka vumbi. Mlinzi sikumrudisha.

Nikamgeukia Abdulatifu.

"Ulikuwa unajua?"

"Tangu Jumatatu. Niliisoma hiyo skrini."

"Ndiyo maana hunitazami?"

Akaangalia pembeni.

Nikachukua simu. Mbele ya wale wale niliowaita, nikaweka spika wazi.

"Shikamoo daktari. Kunegunda hapa. Mlinzi nilimtoa mimi."

"Mbona mnanichanganya?" daktari akang'aka. "Abdulatifu kanipigia asubuhi, kasema ni yeye!"

Haaa! Mtaa mzima ukaguna.

"Sasa kesho saa moja njooni wote wawili," akaendelea. "Hizo kumbukumbu utaziunganisha kwa mkono wako, Kunegunda, faili kwa faili. Mengine nitajua nikishaona."

Akakata.

"Kwa nini ulisema ni wewe?" nikamuuliza mtani wangu.

"Mimi nina cheti, nitaomba kwingine. Wewe uliyesomea mtaani..." Akainua mabega tu.

Jamani, kinyaa kilichonipanda pale! Yule panya alikuwa na nafuu. Nilijinuka mwenyewe, mdomo wangu wote. Na yale mate yalikuwa bado pale mlangoni pake, hata hayajakauka. Nikachuchumaa, nikachota mchanga kwa kiganja, nikayafukia. Watu wanatazama. Hakuna aliyecheka tena.

Wadau wangu, skrini isome kwanza wewe kabla hujawageuzia watu. Na ulichokitoa "mara moja tu" kwa sababu una wageni, kirudishe kabla hujanawa mikono.

Nikabeba laptop yangu, kichwa chini, nishike njia ya kwangu.

"We mtani!"

Zuhra, mke wa Abdulatifu, kasimama mlangoni, mwiko mkononi.

"Unakwenda wapi na mikono ya mchanga? Maji ya kunawa hayo hapo. Ingia ndani ule, ugali unapoa."