Maji Aliyofungiwa Saru

Kila alfajiri, kabla jua halijachomoza, vitegaukungu mia nne vilijikunjua kwenye mgongo wa mlima Ndighi kama kanga zinazoanikwa. Kila kimoja kilikuwa na wavu wa nyuzi nyembamba kuliko unywele. Ukungu ukinaswa humo uligeuka matone, matone yakajaza mfereji, na maji yakateremka kwa bomba hadi jiji la Nyikani, lenye watu milioni mbili. Roboti za miguu minane zilitambaa juu ya nyavu zikiziba matundu, huku akili unde ikikisia upepo na kuzigeuza nyavu ziukabili. Ukungu haukuponyoka hata chembe, na watu wa jijini waliuita mtambo huo muujiza.

Aliyeubuni muujiza wenyewe, Mhandisi Mkamburi Mwadime, hakuwa akiyanywa maji yake. Alisema yanafaa kuogea na kufulia, lakini chai yake haina ladha. Basi kila Jumamosi asubuhi alipanda gari-jiendeshe lake hadi chemchemi ya Kilulu, pale maji yanapotoka mwambani hatua kumi tu kutoka kwenye lami, akajaza dumu la lita ishirini. Mpishi gani huyo, anawapakulia wageni chungu chake, kisha yeye anakwenda kula kwa jirani?

Jumamosi hii alikuta foleni ya madumu imefika kwenye kalvati. Maji yaliyozoea kutoka kwa unene wa mkono sasa yalikuwa unene wa kidole cha mwisho. Hata hivyo Mama Wakesho, mwangalizi wa chemchemi, alilitwaa dumu lake akalitega mbele ya yote.

"Mama, leo niache ningoje zamu yangu," alisema Mkamburi.

"Zamu gani? Hapa msafiri huchota kwanza. Sisi wenyeji tuna siku nzima ya kugombana."

Watu wakacheka. Mkamburi naye alijaribu kucheka, akashindwa, kwa sababu macho yake yalikuwa ng'ambo ya barabara, alikoketi Saru na ndoo yake tupu.

Saru alikuwa mjane. Mwaka juzi, mumewe alipokuwa mahututi, alilifua blanketi la mgonjwa kwenye jicho lenyewe la chemchemi, na hilo Kilulu ni mwiko mkubwa. Hazikupita wiki mbili, mume akazikwa na maji yakaanza kupungua. Wazee wakakata shauri: Saru afungiwe maji mpaka chemchemi irudi. Tangu hapo alichota mtoni, saa nzima kushuka na zaidi ya hiyo kupanda. Ila Jumamosi alipita kwanza barabarani kutazama kama maji yamemsamehe.

Mkamburi alivuka kumsalimia, kama kawaida yake. Leo goti la Saru lilikuwa limefungwa kitambaa chenye damu.

"Nimeteleza njia ya mtoni, dada, si kitu," alisema Saru. "Mwenye kosa havunjiki, anakumbushwa tu. Watoto hawajambo?"

Mkamburi alijua kosa si la Saru. Blanketi lilifuliwa wiki ileile nyavu zilipofunguliwa kwa mara ya kwanza. Miti ya msitu wa juu ndiyo iliyokuwa ikiukamua ukungu kwa majani yake, matone yakizama ardhini na kuja kutokea mwambani. Vipimo vyake mwenyewe vilimwonyesha hivyo. Lakini jiji lilikuwa na kiu, wakubwa walikuwa na haraka, naye akatia sahihi ripoti kwamba ukungu na chemchemi havihusiani. Alijiambia ni kijichemchemi kimoja tu cha kando ya barabara. Aibu ilimpanda mpaka masikio yakawaka.

Akarudi kwenye foleni. "Mama Wakesho, si Saru aliyeyafukuza maji. Ni zile nyavu."

"Una moyo mzuri, mwanangu, lakini usimbebee mtu mzigo wake. Ripoti ilisomwa barazani hapa, ina muhuri na sahihi ya mtaalamu."

"Sahihi ile ni yangu."

Mkamburi alitoa simu, akaamuru nyavu zote zikunjwe kwa siku kumi.

"Matangi ya jiji yana akiba ya siku kumi na mbili," ilisema akili unde. "Taja sababu. Itaandikwa."

"Andika kwamba ripoti ya Kilulu ni ya uongo. Andika na jina langu."

Juu mlimani nyavu zilijikunja moja baada ya nyingine, na ukungu ukaanza kuingia mitini. Mama Wakesho aliutazama. Kisha akalitwaa dumu la Mkamburi, akamimina kile kidogo kilichokuwamo katika dumu la jirani, akalirudisha tupu miguuni pake.

Saru alikuwa ameshavuka barabara akichechemea. Alikuwa amesikia yote.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu mwanzo."

"Na kila Jumamosi ulikuwa unakuja kunisalimia."

Hakulisema kwa hasira. Mkamburi angeshukuru lau angetukanwa.

"Saru, mama, njoo uchote," aliita Mama Wakesho. "Pita mbele."

Saru aliutazama uzi ule wa maji, akaitazama foleni. "Wenye zamu wamalize," alisema, akaichukua ndoo yake mkononi na kushika njia ya mtoni.

Mkamburi aliokota dumu lake tupu akamfuata. Kwenye kona ya kwanza alinyoosha mkono kuipokea ile ndoo. Saru aliihamishia upande wa pili, akaendelea kushuka polepole na goti lake, na Mkamburi akashuka nyuma yake.