Albamu Isiyo na Ngoma

Kila jioni akitoka shule, Anneth alifagia nyuzi na vipande vya vitambaa chini ya cherehani ya mama yake, kisha akawasha subufa. Walipanga chumba Levolosi, mtaa wa mjini ambapo dirisha lako linatazamana na la jirani, na muziki wa mmoja ni wa wote. Kulia walipiga bongofleva, kushoto walipiga injili, na Anneth alizijua nyimbo zote kwa majina.

Ndiyo maana wenzake wa darasa la sita walimwita Mama Redio. Kila Ijumaa, kabla ya kengele ya mwisho, Mwalimu Reginald alimsimamisha mwanafunzi mmoja awaambie wenzake albamu ya kutafuta. Akisimama Anneth, hata Stanley asiyekaa kimya alifunga mdomo. Jumatatu yake utawasikia, "Aisee, nimeitafuta, ni kali!" Anneth aliyapenda sana maneno hayo.

Wiki moja Sinyati, aliyekaa naye dawati moja, alimpa flashi.

"Hii ni albamu ya kwaya ya koko yangu," alisema. Kwao, bibi huitwa koko. "Kina mama wa Olmotonyi, kule mlimani. Wanaizindua Jumamosi hii kanisani. Isikilize yote, ukiipenda uiseme Ijumaa. Usipoipenda, nirudishie tu, wala sitanuna."

"Niachie mimi, shoga yangu. Nitaisikiliza yote."

Jioni hiyo Anneth aliichomeka, kioo cha subufa kikaonyesha nyimbo nane. Zikatoka sauti za kina mama watu wazima, taratibu, kwa Kimaasai. Hakuelewa neno. Ubeti wa kwanza haujaisha, akaichomoa na kuweka nyimbo zake. Nitaisikiliza kesho, alijiambia. Kesho ilipofika akasema kesho tena.

Ijumaa ikamkuta hivyo hivyo.

"Haya, Mama Redio, leo una nini?" aliuliza Mwalimu Reginald.

Darasa zima liligeuka. Sinyati alikuwa anatabasamu. Anneth akasimama.

"Leo nawaletea kwaya ya kina mama wa Olmotonyi, wanazindua albamu yao kesho kanisani. Jamani, nyimbo zote nane ni tamu! Lakini ngoma sasa! Ngoma zinapigwa hizo, hata kama unaumwa utainuka kitandani!"

Stanley alilipiga dawati kwa viganja. "Mwalimu, twendeni tukazione!"

"Twende! Twende!" darasa likaitikia.

Mwalimu Reginald alicheka, akasema wanaoruhusiwa na wazazi watakwenda naye kesho. Palepale akampigia simu bibi yake Sinyati, kiongozi wa kwaya. "Ndiyo, mama, tunakuja. Watoto wanazisubiri ngoma zenu kwa hamu!"

Sinyati hakucheka. Walipofika getini aliuliza, "Anneth, ngoma umezisikia kwenye wimbo gani?"

"Aa... si ule wa katikati."

"Sawa," alisema Sinyati. Akavuka barabara, akaenda kwao peke yake.

Jioni hiyo Anneth hakufagia kwanza. Alichomeka flashi, akakaa sakafuni, akasikiliza mpaka mwisho. Mama mmoja anaanza, wengine wanamjibu kwa chini, kifuani, kama watu wanaosukuma kitu kizito kwa pamoja. Katika wimbo wa tano sauti moja ilipanda juu ya zote na kubaki huko, mpaka mama yake akaacha kukanyaga cherehani.

"Hawa ni kina nani?"

"Ni kwaya ya bibi yake Sinyati."

"Wanaimba hawa! Mbona ulikuwa unatuficha?"

Anneth akachukua ufagio. Nyimbo zilikuwa nane kweli, na hapakuwa na ngoma hata moja. Labda kesho hakuna atakayekumbuka, aliwaza.

Jumamosi, walipofika na mwalimu wao, uwanja wa kanisa la Olmotonyi ulikuwa umepambwa kwa vitambaa. Ubaridi ulishuka kutoka mlimani na kupita kwenye miti ya chuo cha misitu kilicho jirani. Mgeni rasmi alikuwa bado hajafika, kama kawaida ya wageni rasmi. Kina mama walikuwa wamejipanga kwa mazoezi, shanga pana shingoni.

Na mbele yao palikuwa na ngoma kubwa.

Kijana mmoja aitwaye Simel aliigonga. Kina mama wakaanza, wakapishana. Wakaanza tena. Ngoma ilikimbia mbele, sauti zikabaki nyuma.

"Simel, unatufukuza kama ng'ombe!" alilalamika mama mmoja.

"Mama, mimi nimeazimwa pamoja na ngoma," alijibu Simel, akifuta jasho. "Hizi nyimbo zenu sizijui!"

Bibi mrefu, kiongozi wao, alisema kwa upole, "Tujitahidi. Watoto wa mjini wamekuja kwa ajili ya ngoma. Tusiwaangushe."

Anneth alimtazama Sinyati. Sinyati alikuwa ameinamisha kichwa. Alikuwa anaona aibu kwa ajili ya bibi yake, na kosa halikuwa la bibi yake. Akinyamaza sasa, Anneth alijua, wimbo wa tano utaharibikia hapa mbele ya watu wote. Akapita katikati ya wenzake mpaka mbele.

"Shikamoo, Koko."

"Marahaba, mwanangu. Ndiwe uliyetusifia?"

"Ndiyo. Koko, nilidanganya." Alijua Stanley anasikia. "Nilisema kuna ngoma, na nilikuwa sijasikiliza. Nimesikiliza jana. Ngoma hazimo, wala hazitakiwi. Naomba mwimbe kama kwenye albamu. Naomba mnisamehe. Na wewe, Sinyati."

Simel akaibeba ngoma yake. "Mungu akubariki, dada!" Uwanja mzima ukacheka.

"Mama Redio amekosa mawimbi!" Stanley alipaza sauti. Wakacheka tena, na Anneth alivumilia.

Mgeni rasmi alipokaa, kina mama waliimba. Sasa Anneth aliona kile ambacho flashi haikumwonyesha: walitikisa mabega pamoja, shanga zikaruka na kutua kwa mlio mmoja, na pumzi zao zikashika mwendo. Kwenye wimbo wa tano Stanley alikuwa amesimama bila kuambiwa.

Baada ya uzinduzi, Koko aliwaita Anneth na Sinyati, akawapa chai ya maziwa.

"Mwanangu, usingetupenda tusingekasirika," alisema. "Kila sikio lina muziki wake. Lakini mtu akikuuliza umesikia nini, anaazima masikio yako. Usimpe cha kubuni. Ulichosikia, kiseme. Usichosikia, sema sijasikia. Hakuna aibu hapo. Leo umesema kweli mbele za watu, na umetuokolea wimbo wetu. Kunywa chai."

Ijumaa iliyofuata Mwalimu Reginald aliuliza, "Mama Redio, una nini?"

Anneth alisimama. "Kuna albamu Stanley kaniletea. Nyimbo tatu za kwanza nimezipenda. Zilizobaki sijasikiliza, kwa hiyo sizisemi."

Hakuna aliyepiga makofi sana. Lakini Sinyati alisogea kwenye dawati, akampisha akae. "Jioni nakuja kwenu," alinong'ona. "Tuzimalizie pamoja."