Waya Uliouma Umeme Ukiwa Umekatwa

Kama kila asubuhi, Dieumerci alichota maji, kisha akabeba beseni la nguo kwenda kuanika. Mtaa wote wa Ruashi haukuwa na umeme tangu jana. Huko juu ya ua tu, nyaya nene za umeme wa mgodi zilinguruma bila kupumzika.

Alitupa shati kwenye waya mrefu ambao Mama Claudine, mjane mpangaji wao, alikuwa ameufunga juzi kwenye nguzo mbili za mbao. Waya ukamuuma kidoleni. Akaugusa tena, ukamuuma tena!

"Bulozi! Uchawi!" akapiga kelele. "Courant hakuna, na hii waya bado iko inauma! Mama Claudine ameweka dawa!"

Lo, mdomo huo! Muda si muda Guelor, kijana wa jirani, na wenzake walijaa getini, mawe mikononi.

"Atoke leo, ao tunachoma nyumba!" wakafoka.

Ndani, Mama Claudine alilia huku akifunga mizigo yake. Dieumerci alimsikia, akaogopa sana.

Shangazi yake, Tantine Ngalula, mwalimu wa fizikia, alipita katikati ya vijana. Akagusisha bisibisi ya kupimia umeme kwenye waya. Kitaa chake kikawaka. Watu wakarudi nyuma.

"Courant imekatwa kwetu. Ile ya mgodi haikatwi," alisema akionyesha juu.

"Lakini hazigusane!" Guelor akabisha.

"Si lazima zigusane. Waya juu, waya chini, hewa katikati. Umeme wa juu unasukuma na kuvuta chaji za waya wa chini, hata kwa mbali. Uwezo huo wa nyaya mbili tunauita kapasitansi ya pamoja. Ukizisogeza karibu, ao ukizirefusha, unaongezeka. Umeme huo unaweza hata kuua."

Kisha akachomeka chuma kwenye udongo wenye maji, akakifungia kipande cha waya, na kwa fimbo kavu akaegemeza ncha ya kipande hicho kwenye waya wa nguo. Akapima. Kitaa hakikuwaka.

"Chaji zimeingia ardhini. Sasa waya huu tutauondoa kabisa."

Mawe yakaanguka moja moja. Dieumerci akaenda mlangoni, machozi yakimtoka.

"Mama Claudine, unisamehe. Nilisema kitu sikijue."

Mlango ulifunguka nusu tu. Mama Claudine alimtazama kwanza Guelor, ndipo akamshika mtoto mkono.

"Umesikia, Dieumerci?" Tantine alisema kwa sauti ya chini. "Siku nyingine sema 'sijui.' Kwa neno hilo hakuna mtu angebeba jiwe."